Namna ya Kuiogesha Kompyuta Mafuta Ukiwa Njombe

Kabla ya yote, kaangalie chupa yako ya mafuta ya nazi. Kama unaishi Njombe na huu ni mwezi wa saba, utaikuta imeganda nyeupe pe, na kila asubuhi kabla ya kujipaka unaiegesha ubavuni mwa jiko kama mgonjwa anayeota moto. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Sisi huku digrii 24 tunazisikia redioni, zikisomwa kwa ajili ya watu wa Tanga. Usiku wa Julai kipimo kinaweza kushuka hata chini ya digrii 5, na kuna alfajiri viazi vya mabondeni vinaamka majani yamevaa barafu kama yaliyonyunyiziwa sukari.

Huo ndio mji ambao leo nataka nikufundishe kupoza kompyuta.

Usicheke bado. Nina kibanda cha steshenari jirani na stendi: kuchapa, kutoa kopi, kulaminisha vyeti. Kompyuta yangu ni Pentium 4 ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshastaafu kwa mtu mwingine. Mwaka jana ikaanza tabia. Unachapa vizuri, unafika kwenye "YAH: MAOMBI YA KAZI", feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga, kisha kimya. Skrini nyeusi. Mteja anakutazama wewe, wewe unatazama ukuta. Umeme upo, taa inawaka; kompyuta imejizima yenyewe kwa joto. Joto, Njombe! Mteja amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, na mashine inadai imezidiwa na joto.

Nikampigia mpwa wangu wa Makambako, kijana anayemaliza bando lake lote kuangalia video za mafundi wa Ulaya. Kesho yake akashuka kwenye Kosta, kilomita kama 60 za kupanda, mkono mmoja dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti, mkono wa pili kidumu cha lita 10.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetuletea ya kupikia?"

"Ya kompyuta, mjomba. Hiyo inataka kuogeshwa."

Tuanze na kanuni, maana jambo lenyewe, pamoja na mzaha wote, ni la kweli. Kompyuta ni jiko: karibu umeme wote inaokula huutoa kama joto. Kazi ya feni ni kulibebesha hewa joto hilo, na hewa ni hamali dhaifu. Zikipanda digrii sawasawa, lita moja ya mafuta hubeba joto zaidi ya mara elfu moja ya lita moja ya hewa. Na hewa yetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imepungua uzito kwa kama moja ya tano ukiilinganisha na ya Dar es Salaam, hivyo feni ya Njombe inasukuma vikapu ambavyo havijajaa. Mafuta masafi hayapitishi umeme, kwa hiyo nyaya zinaweza kukaa uchi ndani yake bila kudhuriana. Mpaka hapo mpwa wangu hana kosa.

Tena ana wazee waliomtangulia. Mwaka 1985 Mmarekani Seymour Cray alitoa kompyuta yake kubwa, Cray-2, ambayo sakiti zake zililoweshwa ndani ya Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M, na watu wakaibatiza jina la Mapovu. Mwaka 2006 tovuti ya Tom's Hardware ikaizamisha kompyuta katika galoni 8 za mafuta ya kupikia, yaani lita kama 30. Mwaka uliofuata Puget Systems ya jimbo la Washington ikaonyesha kompyuta inayofanya kazi ndani ya tangi la samaki lililojaa mafuta ya madini. Mwaka 2021 Microsoft nayo, mjini Quincy katika jimbo hilohilo, ikaweka kompyuta zake kwenye kimiminika kinachochemka kwa digrii 50: mvuke unapanda, unagusa mabomba ya baridi, unadondoka tena kama mvua. Digrii 50! Njombe maharage yanachemka kwa digrii 93 na bado yanakuchekea.

Habari zote hizo mpwa wangu alikuwa amezisoma. Alichokuwa hajakisoma ni kipimajoto cha ukutani kwangu, kilichokuwa kwenye 12, saa nne asubuhi.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua kimiminika, na hapa nenda taratibu.

Maji ya Mto Ruhuji yafute akilini, hata kama pale kwenye maporomoko yanaonekana masafi kuliko roho ya mtoto. Yana chumvichumvi, umeme utapita, na kompyuta itakwenda ahera bila kuaga. Yupo atakayekushauri maji ya betri yaliyotoneshwa, kwa kuwa ni safi. Safi kweli, kwa muda mfupi. Yakishalala juu ya shaba na risasi na uchafu wa vidole vyako, yanaanza kuyeyusha vitu na kugeuka maji kama maji mengine.

Ulanzi, ile pombe ya mianzi, una sukari, unachacha na kutoa povu. Na hata ungefaa, sijui utamweleza nini Mbena yeyote atakayekukuta unamimina lita 30 juu ya chuma huku mbeta ziko tupu.

Mafuta ya mawese, pamoja na ndugu zake wanaouzwa kwa kupimwa madukani, huganda kwa baridi yetu. Asubuhi utaikuta kompyuta imekaa ndani yake kama nyama ndani ya samli, na utahitaji jiko la mkaa ili kuwasha mashine uliyoitumbukiza humo kwa sababu ilikuwa ya moto. Mafuta ya parachichi tunayo, mkoa mzima umejaa miche ya parachichi, ila kuyamwagia kompyuta ni sawa na kumpulizia ng'ombe manukato. Mafuta ya taa ndiyo usiyaguse kabisa: mvuke wake unaweza kushika moto yakifika digrii 38 hivi. Ikumbuke namba hiyo, tutakutana nayo mbele.

Wanaojua kazi hutumia mafuta ya madini, yale meupe yasiyo na harufu, ndugu wa mafuta ya kupaka watoto wachanga. Yanunue kichupa kimoja kimoja mpaka ufike lita 30 uone mwenye duka atakavyokuuliza hali ya mtoto.

Hapo ndipo mpwa wangu aliposhusha sauti na kusema yapo mafuta mengine, "yale ya juu ya nguzo".

Niache nitoke nje ya mwongozo kidogo. Kumbe kitu kinachoishi ndani ya mafuta unacho mtaani kwako miaka yote, na unapita chini yake kila siku ukienda gengeni. Ile transfoma iliyokaa juu ya nguzo kama dumu la bati lenye mbavu, ndani yake kuna nyaya na chuma vilivyozama katika mafuta. Yakipata joto yanapanda, yanaingia kwenye zile mbavu, yanapigwa na upepo, yanapoa, yanashuka. Hakuna pampu, hakuna feni. Pale Makambako, ambako laini ya kilovolti 220 ya kwenda Songea ilianzia ilipokamilika mwaka 2018, kuna transfoma kubwa zinazofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema kupoza vitu vya umeme kwa mafuta ni mambo ya Wazungu, mwambie ainue shingo.

Lakini ainue shingo tu, asiinue bisibisi. Wizi wa mafuta ya transfoma ni ugonjwa wa siku nyingi Afrika Mashariki, na Kenya imesharipotiwa biashara ya kuyauza kwa wakaanga chipsi, eti kwa kuwa hayaishi haraka kikaangoni. Mtaa unakaa gizani, mwizi akiteleza anakufa kwa shoti, na mla chipsi anakula alichokula. Transfoma za zamani nyingine mafuta yake yana PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm ulizitaka nchi ziache kutumia vifaa vyenye nayo ifikapo 2025, na mabaki yake yashughulikiwe si baada ya 2028. Nikamwambia mpwa wangu kwamba viazi vya Uwemba havijamkosea mtu, na yeye pia asianze kuvikosea. Akasema alikuwa anatania. Tukarudi kwenye dumu la alizeti.

Alizeti ina sifa moja isiyopingika: haigandi kwa baridi ya Njombe. Ina sifa nyingine ambayo mpwa wangu hakuitaja, nami nitaitaja wakati wake ukifika, kama ilivyofika kwangu.

Hatua ya pili ni chombo. Tulitumia boksi la plastiki linaloonyesha ndani, lile la kuhifadhia nguo za mtoto. Endelea.

Hatua ya tatu: ondoa visivyooga. Diski kuu ya zamani, ile inayozunguka, ina kitundu kidogo cha kupumulia. Mafuta yakiingia hapo, faili za wateja wako zimekwenda. Itoe, ining'inize nje kwa waya wake. Kisoma sidii kitoe pia. Feni unaweza kuiacha kwa heshima, itakuwa inazunguka kwa kusuasua kama mzee anayetembea matopeni. Halafu chomoa waya wa ukutani kabla hujagusa chochote. Nimeiandika mwisho, ila wewe ifanye mwanzo.

Na hapa, ndugu msomaji, yalitukuta. Tulipofungua kasha kulikuwa na blanketi. Sisemi kwa mfano: kati ya feni na zile bapa za kupozea prosesa palikuwa na kitambaa cha vumbi, chekundu upande mmoja na kijivu upande wa pili, kinene kama soli ya kandambili, unaweza kukibandua kizima kwa vidole viwili. Mashine hii ilikaa Makambako kabla sijainunua. Anayeujua mji ule ameshaelewa: njia panda ya barabara kuu ya Mbeya na ile ya Songea, malori usiku na mchana, reli ya TAZARA, na upepo ambao watu wamekuwa wakiupangia mitambo ya umeme kwa miaka. Upepo huo, wakati ukisubiri mitambo, unajishughulisha na kuhamisha vumbi. Chini ya blanketi hilo, ile pesti inayokaa juu ya prosesa ilikuwa imekauka imekuwa chaki.

Tukasafisha kwa brashi ya rangi, mpya, ya shilingi elfu mbili. Ilibidi tusafishe, maana vumbi lile lingeingia kwenye mafuta tungepata tope. Tukapaka pesti mpya. Ubao mkuu ukang'aa kama sahani ya mgeni.

"Sasa tuiwashe kwanza ikiwa kavu, tuone," nikasema.

Mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyeombwa arudishe nauli. "Mjomba, tukiiwasha ikafanya kazi, haya mafuta nimeyabebea nini?"

Hoja ilikuwa nzito. Sikuwa na jibu.

Hatua ya nne: zamisha. Shusha ubao polepole, uulaze, mimina. Mafuta yanapanda, yanafunika kadi moja baada ya nyingine, na vipovu vinatoka chini ya kila kipande kama samaki wanaoanza kuongea. Kisha washa. Nakiri moyo ulinidunda. Taa ya kijani ikawaka ndani ya rangi ya asali, feni ikaanza kujivuta, na juu ya mafuta nikaona mawimbi membamba ya joto yakipanda kutoka kwenye prosesa, yakicheza kama hewa ya barabarani saa nane mchana. Hakuna kelele. Nilichapa barua tatu mfululizo na "YAH:" zake zote. Wateja wakajaa mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuchapa.

Sasa hesabu, kwa wanaopenda kujua wanakokwenda. Mashine yangu ikichapa kazi hula kama wati 150. Ndani ya lita 30 za mafuta, joto hilo linapandisha digrii moja kila dakika sita, yaani digrii 10 kwa saa, kama mafuta yasingepoteza kitu. Yanapoteza, kupitia kuta za boksi, ndiyo maana baada ya saa kadhaa yangu yalitulia kwenye digrii 40. Mafuta hayali joto, yanalishika tu, na mwisho wake yanairudishia hewa ileile tuliyoitukana mwanzoni. Chumba changu kilikuwa na digrii 12; boksi hilohilo ulipeleke Dar es Salaam kwenye chumba cha digrii 32 litafika 60. Na yule aliyekuwa anafikiria mafuta ya taa, 40 ni zaidi ya 38.

Mpwa wangu alipoona 40 akatoa hatua ya tano: rejeta. Anamjua fundi wa malori Makambako mwenye rejeta kuukuu. Tungepitisha mafuta humo kwa pampu, na nyuma ya rejeta tuweke feni.

"Feni?" nikauliza.

"Feni kubwa, mjomba."

Hatua ya tano iruke.

Baada ya wiki mbili yakaanza yale ambayo video huwa haziyafiki, kwa sababu mwenye video hana wateja. Mafuta hupanda. Yanapita ndani ya nyaya, kati ya waya na ngozi yake, kama yanavyopanda utambi wa kibatari, na kutokea upande wa pili. Kwanza kibodi ikawa na mng'ao. Kisha panya ya kompyuta ikaanza kuteleza mkononi. Siku moja binti mmoja akanirudishia barua yake ya maombi ya kazi akiwa ameishika kwa ncha za vidole: penye saini palikuwa na doa la mviringo, na kupitia doa hilo ungeweza kusoma gazeti. Nikamchapia upya bure. Nyaya zenyewe zilikuwa zinakakamaa, zikikunjwa zinalia.

Na ile sifa ya pili ya alizeti. Haya ni mafuta yanayopatana haraka na oksijeni, na ukiyaweka kwenye joto na mwanga na shaba unayaharakisha. Yanachacha. Wiki ya tatu kibanda kikanuka maandazi ya juzi. Wiki ya tano, kwenye ukingo wa boksi pale mafuta yanapokutana na hewa, kukaota ukoko wa njano unaonata, gundi halisi, na ndani yake mende mmoja aliyekosea njia. Paka wa jirani akahamia dirishani.

Kama umesoma hadi hapa na bado unataka kuogesha yako, angalau tumia mafuta ya madini, acha ncha zote za nyaya ziwe juu zaidi ya boksi kisha zishuke, tenga meza ya mafuta na meza ya karatasi, na usiizamishe mashine unayoitegemea kwa ugali. Ikishaoga haikauki tena. Nimejaribu mchele, nimejaribu unga, nimejaribu pamba. Unga ulitoa kitu kinachofanana na kalimati.

Yangu niliihamishia nyumbani, nikaiweka kona ya sebule, nikiwaza namna ya kuitupa bila majirani kuona. Mama watoto hakusema neno. Usiku ule akaja na boksi la vifaranga wa siku mbili, akalisogeza mpaka likagusana na boksi la mafuta, akafunika yote mawili kwa blanketi na kuacha upenyo wa hewa.

Anayefuga Njombe anajua kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anataka digrii 32 hadi 35, na kwamba huku joto hilo hulipati bila kulitafutia mkaa. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu, si kuku peke yao. Boksi langu halina moshi wala moto. Umeme ukikatika, lita 30 za mafuta ya digrii 40 hazipoi kwa dakika tano. Vifaranga wanaendelea kusinzia mpaka umeme urudi. Nikaiachia kazi ya kudumu, programu inayohesabu namba zisizo na faida kwa mtu yeyote, ilimradi prosesa isipumzike.

Gharama yake niiseme wazi. Wati 150 mchana na usiku ni yuniti 3.6 za LUKU kwa siku, 108 kwa mwezi. Kama uko kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo, ambayo hutakiwi kuvuka yuniti 75 kwa mwezi, kompyuta hii peke yake itakutoa. Lakini vifaranga hawahitaji mwezi mzima.

Walikuwa 25. Wiki ya nne walibaki 24, na yule mmoja alikwenda na paka, si na baridi. Barua sasa nachapia kwenye laptopu kavu, ambayo kila mwisho wa mwezi naipitishia ile brashi ya rangi. Mpwa wangu amepiga simu kuuliza kama ile rejeta bado naitaka, kwa sababu ana wazo kuhusu friji. Wewe ukitaka kuku wa kuanzia, pita kibandani, jirani na stendi; ukikuta mlango umefungwa, gonga, ni baridi tu.